Biskuti Nzima za Mama Mkwe

Kwa muda mrefu sahani za mama mkwe wangu zilirudi jikoni tupu, na mimi nikajisifu. Nilikuwa nikimuuliza mke wangu, "Amekula?" naye ananionyesha sahani. Hata chembe. Basi nakaa kwenye kiti changu kifua mbele, kama bwana harusi wa juzi anayetaka wakwe waone hawakukosea kumpa binti yao. Na wala sikuwa wa juzi. Watoto wetu wameshakua wakaondoka, na mvi zimenishuka hadi kidevuni.

Leo nikizikumbuka sahani zile moyo unaniuma. Nitasema kwa nini, lakini kwanza nieleze mambo ya ukwe, maana bila hayo kijana wa siku hizi atasema mzee huyu ni mjinga tu. Mjinga ni kweli, sibishi. Ila ujinga wangu una kwao.

Sisi Wasukuma, kwa jinsi nilivyolelewa mimi, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono. Hawali chumba kimoja, sembuse sahani moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha, mwenzake anajitanda khanga na kutazama pembeni. Si chuki jamani, ni heshima. Na ukienda alipo mama mkwe huendi hivihivi. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mama mkwe hata kutazamwa hautazamwi. Ulicholeta kinapokelewa, na kikishapokelewa hakirudishwi. Nani amrudishie mkwe zawadi yake? Ni sawa na kumwambia njoo uchukue mahari yako.

Mama alikuwa akiishi kwake, upande wa Magu, kwenye mji wake ambao shamba lake linashuka hadi karibu na ziwa. Mumewe alishafariki. Mdogo wake mke wangu ana nyumba pale pale uwanjani, lakini mama alijipikia mwenyewe, alilima kunde zake mwenyewe, na ole wako umwambie apumzike. Kisha akaanza kusahau. Alibandika sufuria akaenda shambani, sufuria ikaungua, na moto ukashika paa la jiko. Watu wakauzima. Baadaye akapotea akitoka ziwani kuchota maji, kwenye njia aliyoipita tangu alipoolewa. Shemeji akapiga simu, mke wangu akaenda kumchukua.

Tunaishi Igogo, hapa Mwanza, nyumba imejibana katikati ya mawe, na uani kuna chumba chenye mlango wake. Tukampa hicho ili mimi na yeye tusigongane. Makubaliano yalikuwa kwamba akili ikitulia, anarudi kwake. Yeye hakutaka kingine duniani. Kila asubuhi alimuuliza mke wangu kunde zake anazipalilia nani. Mke wangu naye alikuwa na neno moja tu: "Mama hatarudi kukaa na moto mpaka niwe na uhakika kwamba atakumbuka kuuzima." Hilo ndilo lililokuwa linatukosesha raha nyumbani.

Alikuja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani, na majani makavu ya kunde, na karanga. Mimi nilipouona ule mfuko nikawaka. Nina hasira za karibu, nakiri. Nikamwambia mke wangu, "Mama mkwe wangu ale michembe nyumbani kwangu? Kwani hapa kumeingia njaa?" Mke wangu akasema mama anavipenda. Nikasema anavipenda kwa sababu hajapata vingine. Mfuko ukawekwa stoo hadi ukaingia wadudu, na mwisho nikawapa mbuzi wa jirani. Walifaidi wale mbuzi.

Sasa mimi kazi yangu iko Nyakato, kwenye kiwanda cha biskuti na vitafunwa vya pakiti. Ni msimamizi upande wa kufungasha. Biskuti zinazovunjika tunagawana wafanyakazi, kila mtu na mfuko wake, na kwetu nyumbani tulizinywea chai. Lakini mama mkwe humpelekei vipande. Kwake nilipeleka nzima, kwenye pakiti yake, karatasi inang'aa. Nikishuka Mabatini napita madukani naongeza: leo soda, kesho soseji, kesho kutwa keki za pakiti, tambi za kuchemsha mara moja, siagi ya kopo, juisi ya boksi. Nilichagua vile vyenye picha nzuri. Nikaona huu ndio ukwe wa mjini.

Jioni nasimama uani, mbali kidogo na mlango wake, nakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshindaje?"

"Salama mama. Nimekuletea kitu kidogo."

"Asante baba. Mungu akuzidishie."

Hapo uso wake sijauona. Mke wangu anakuja, anachukua, anaingiza ndani. Baadaye sahani inatoka tupu, nami naingia sebuleni nikitembea kama diwani.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea barazani. Yeye alikuwa akipika chakula cha nyumba kama kawaida, ugali, mboga, samaki, na mama alikula. Halafu zawadi zangu zikaja juu yake. Taratibu zawadi zikawa nyingi kuliko chakula. Asubuhi mkate na siagi na soda, mchana tambi, jioni soseji na keki. Ugali ukawa unaguswa pembeni. Mke wangu alilisema hilo mara kadhaa. "Baba watoto, mama hali mboga siku hizi." Nikamjibu, "Si anakula? Tatizo lako nini?"

Mama akanenepa uso. Miguu ikavimba. Alilala mchana kutwa, na akiamka anauliza swali, anajibiwa, anageuka ukutani, anageuka tena anauliza lile lile. Habari za kunde zikakoma. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba zimekoma, akaniambia kwa sauti ya chini huku akikata uzi. Mimi nikasema uzee. Na kesho yake nikaongeza soda, ili apate nguvu.

Kisha ikaja siku ile ya Jumamosi. Nilikuwa sebuleni nakula mchana, ugali na sangara wa kuchemsha, mke wangu yuko jikoni. Nikasikia nyayo. Nikadhani ni yeye. Kuinua macho, mama mkwe huyu hapa. Kichwa wazi, khanga moja. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, goti kwa goti.

"Nyanda," akasema, yaani kijana kwa Kisukuma, "samaki huyu katoka wapi?"

Akatia mkono kwenye sahani yangu, akamega samaki, akala.

Weee! Tonge lilinikwama. Nilisimama nikapindua maji, nikatoka mlango wa mbele bila viatu, nikaenda kujificha nyuma ya jiwe kama mwizi wa kuku, mimi na umri wangu huu. Mke wangu alipokuja kunitafuta alikuwa anacheka hadi ameshika mbavu. "Umemkimbia mama?" Nikamwambia, "Amekula kwenye sahani yangu. Hakunijua." Kicheko kikakatika. Akakaa chini pale pale kwenye jiwe akaanza kulia. Alielewa kabla yangu. Mwanamke wa Kisukuma wa umri ule anaweza kusahau sufuria, anaweza kusahau njia ya ziwani. Akisahau mkwe wake, basi kimebaki nini?

Tukampeleka hospitali. Mimi kama kawaida nikakaa kwenye benchi nje, maana huwezi kukaa ukisikiliza habari za mwili wa mama mkwe wako. Baadaye mlango ukafunguka, daktari akatoa kichwa. Dada mdogo tu, sawa na binti yetu wa kwanza.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye unayemnunulia mama chakula?"

Nikasema marahaba, ndiyo mimi. Nilidhani ananisifu.

"Hebu nitajie anakula nini kwa siku."

Nikataja. Nilitaja kwa madaha, kitu kimoja kimoja, na mke wangu ameinamisha kichwa anatazama sakafu. Daktari hakuandika hata kimoja. Alipoona nimemaliza akasema sukari ya mama iko juu, na presha iko juu. Akasema ubongo unalishwa na mishipa midogo sana, na mishipa hiyo ikiteseka ubongo nao unateseka. Vyakula vya namna hii vilivyopikwa kiwandani, vikatiwa sukari, chumvi, mafuta na madawa ya kuvitunza na kuvikoleza, vikishakuwa ndiyo mlo wa mtu wa kila siku, havimsaidii mtu ambaye kichwa chake kimeshaanza kuchoka. Akasema turudishe chakula alichokizoea.

Hasira zangu zikapanda. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nafanya kazi huko. Mambo yote yanapimwa. Unataka kuniambia nauzia watu sumu?"

Akatulia tu. "Sijasema sumu, baba. Nimesema akila hivyo asubuhi, mchana na jioni, chakula chenyewe atakila saa ngapi?"

Mke wangu akauliza kama mama atapona. Daktari akasema hawezi kuahidi. Usahaulifu mwingine ukishaingia hautoki, lakini huu wa mama anaona kuna sehemu inayoweza kurudi nyuma tukimpa dawa za sukari na presha, tukimpa chakula cha kweli, na tukimtoa kitandani atembee. "Ubongo wake upeni nafasi," akasema.

Njiani kurudi mke wangu hakunisemesha. Afadhali angenitukana. Mama alikuwa katikati yetu anatazama dirishani na kuuliza hapa ni wapi, na kila alipouliza mimi nilisikia kama ananiuliza umenifanya nini. Nilimchukua mama wa watu ametoka kwake na michembe yake na karanga zake, nikampokonya, nikamshindilia vitu vya kiwandani kwa jina la heshima. Hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe, na nikajipigia makofi.

Mke wangu alipiga marufuku pakiti nyumba nzima, hata zile biskuti za kuvunjika. Soda ikafukuzwa. Akaagiza michembe mipya kwa mdogo wake, na kunde, na mtama. Asubuhi mama akapewa uji wa mtama usio na sukari, mchana ugali na mlenda au samaki, jioni viazi au maharage. Wiki za mwanzo zilikuwa vita. Mama alidai soda kama mtoto. Alisimama uani akiwaambia majirani kwamba binti yake mchoyo, anamficha soda kwenye cherehani. Mke wangu alilia, akafuta machozi, akapika mlenda. Mimi nilikuwa napita kazini, nafungua pakiti moja kwenye kona nakula haraka haraka, narudi nyumbani nimepangusa mdomo. Siku moja mke wangu akanishika kola akapangusa chembe. "Zimekuangukia," akasema, akaondoka. Aisee, aibu niliyoisikia!

Lakini hiyo ni ndogo. Sasa nisikilize mahali nilipoharibu kabisa.

Nilimuuliza mke wangu, "Sasa mimi nitampelekea nini mama?" Akasema si umletee samaki, umletee viazi, mapapai, matunda kidogo. Nikaleta sato mzuri kweli, bado anapapatika. Samaki akaingia jikoni moja kwa moja, akatoka kwenye sahani pamoja na mboga nyingine, na mama akala akijua ni kitoweo cha nyumba. Nani amwambie huyo ni wa mkwe wako? Nikafikiria viazi. Nikajiuliza, mtu ana shamba limejaa viazi, nimsimamie mlangoni na viazi? Si ni kumcheka? Kiburi changu kikasema, kuliko kumpelekea mama mkwe kitu alichokulia, bora usipeleke.

Basi nikawa narudi mikono mitupu. Na mikono mitupu haiwezi kusimama pale uani ikakohoa na kusema shikamoo. Ningesema nini baada ya salamu? Nimekuletea nini, hewa? Nikaanza kupita upande wa pili, katikati ya mawe, naingilia mlango wa mbele kimya kimya. Nikasema nitamsalimia Jumapili. Jumapili ikafika nikasema nimechelewa. Mke wangu aliwahi kuniuliza, "Mbona siku hizi sikusikii ukimsalimia mama?" Nikamjibu, "Namsalimia, wewe unakuwa kwenye cherehani husikii." Uongo mtupu. Mwanamke akaamini, maana kwa nini mtu adanganye kuhusu salamu?

Na mama akaanza kurudi.

Haikuwa kwa siku moja, na siwezi kujua kipi kilifanya nini, dawa au chakula au kule kutembezwa asubuhi hadi mwaloni kando ya ziwa na kurudi. Ila alirudi. Miguu ilinywea. Akaacha kulala mchana. Siku moja akaonja mlenda akamwambia mke wangu, "Nani alikufundisha kutia magadi namna hii? Si mimi." Mke wangu alikuja kunihadithia akirukaruka kama amesifiwa, kumbe katukanwa. Halafu zikarudi kunde. Asubuhi moja tu, mama akatoka mlangoni akauliza, "Kunde zangu anapalilia nani?" Mke wangu aliacha mashine ikiwa katikati ya mshono.

Mimi nilithibitisha kwa macho yangu. Nilisahau kitu nikarudi nyumbani mchana, nikaingilia uani kwa haraka, nikakutana naye uso kwa uso karibu na kamba ya nguo. Alishtuka, akavuta khanga akajifunika, akageukia ukutani akanipisha. Amenijua! Nilipita nimeinama, nikaingia ndani nikakaa nikashukuru Mungu. Sikufungua mdomo kumsalimia. Niliona kama mkono wangu mtupu ndio aliokuwa anautazama.

Baada ya hapo sahani zikaanza kurudi na chakula. Nusu ya ugali, kipande cha samaki hakijaguswa. Mke wangu akiuliza, jibu ni "Nimeshiba." Tukaogopa labda ni ugonjwa mwingine. Kisha mama akamwita bintiye akamwambia anataka kurudi kwake. Aliongea vizuri kabisa. Akasema atapikia nyumbani kwa shemeji mpaka wamwamini na moto, akasema dawa zake anazijua, hii asubuhi, hii jioni. Mke wangu alimpima kwa maswali yote, hakukosea. Tulifurahi jamani. Daktari naye akasema sawa, mradi kuna watu karibu na mlo usibadilike. Mke wangu akaanza kupanga safari. Mimi usiku ule nilikula vizuri kuliko siku zote, nikijiambia deni la dhambi yangu limepungua.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, mke wangu alikuja barazani nilipokaa. Uso umebadilika.

"Mama anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Anasema usimame mlangoni. Hataki kuondoka na neno moyoni."

Nilikwenda. Pazia limeshushwa, kivuli chake kinaonekana, amekaa chini. Mke wangu akasimama kando yangu. Nikakohoa, nikasalimia, na sauti ilitoka mbovu kwa kukaa muda mrefu bila kutumika pale.

Akaitikia. Kisha akasema, "Baba, kesho naondoka, nikuache na nyumba yako. Nimekaa sana, najua. Ila sitaki kufa sijaelewa. Nilikukosea nini?"

Nikasema, "Mama, hujanikosea."

"Nilikukosea. Ulikuwa unaniletea vitu, ukaacha. Nikasema, mtu huishiwa. Halafu ukaacha hata kunisalimia. Nasikia viatu vyako vinazunguka huko kwenye mawe. Nikamwambia binti yangu anirudishe, maana mkwe amenichoka na ana aibu ya kunifukuza. Kama nilisema neno nilipokuwa sijielewi, nisamehe. Sikumbuki."

Nilihisi mke wangu ananitazama. Ule uongo wangu wa salamu ulikuwa umelala hapo mbele yetu wote. Nikakaa chini kwenye saruji, nje ya pazia, jambo ambalo mkwe halifanyi. Nikamwambia yote. Daktari alivyosema, sukari, mishipa ya kichwa, na kwamba vile nilivyokuwa namletea ndivyo vilivyokuwa vinamwumiza. Nikamwambia nilishindwa kusimama pale bila kitu mkononi. "Ni mimi niliyekukosea, mama. Mara ya kwanza kwa kuleta, na mara ya pili kwa kuacha."

Nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini cha mtu aliyeziba mdomo kwa khanga.

"Baba," akasema, "soda nilikuwa naipenda, sikudanganyi. Lakini zile soseji! Nilikuwa nafumba macho. Na zile tambi nilikuwa nazimeza bila kutafuna. Nimeshakula ugali wa binti yangu nimeshiba, halafu vinakuja hivyo. Nikasema, mkwe wangu ametoka kazini amechoka, amenikumbuka. Nikirudisha atasema nimemdharau. Basi navimaliza."

"Vyote?" nikauliza.

"Si ulikuwa unataka sahani tupu? Binti yangu aliniambia unauliza."

Mke wangu aliweka mkono mdomoni. Yule mama alikuwa anajilazimisha, tonge kwa tonge, siku hadi siku, ili mimi nikae kwenye kiti kifua mbele. Angekuwa mama yangu mzazi angenitupia ile soseji usoni, na kichwa chake kingepona. Nikamwomba radhi tena. Akasema yameisha, baba, yameisha kabisa, ungepita tu ukanisalimia. Asubuhi akaondoka na mke wangu, na mimi nikabeba mizigo hadi gari lilipokuwa, nimeangalia pembeni kama inavyotakiwa, moyo umekuwa mwepesi.

Jioni mke wangu akanipigia simu kutoka kijijini. Wamefika salama. Mama amezunguka shamba lote, amegombana na shemeji kuhusu kunde, anajua kila mti. Nikasema Mungu mkubwa. Mke wangu akasita.

"Nini?" nikamuuliza.

"Njiani ameniuliza kitu. Ameniuliza, 'Mwanangu, kwani mkwe wangu nilimkosea nini, mbona aliacha kunisalimia?'"

Nikasema si tumeongea jana! Mke wangu akasema amemkumbusha, lakini hakumbuki hata kidogo. Lile pazia, kile kicheko, yote yamefutika. Kule kuachwa bila salamu ndiko kulikobaki.

Sasa muda umepita. Mama yuko kwake. Anapika mwenyewe kwenye jiko lake, na shemeji anachungulia kama moto umezimwa, na huwa umezimwa. Dawa anameza. Anakula michembe na mlenda. Watu wananiambia nimefanya vizuri kumrudisha katika hali ile, na mimi nanyamaza, maana hawajui nani alimtoa. Ila yale tuliyoongea penye pazia hayakai kichwani mwake. Kila baada ya muda shemeji ananipigia, anasema mama anataka kukuuliza jambo, na mimi najua ni jambo gani. Sauti yake inakuja na woga kidogo, ya mtu anayedhani amechokwa. Jumapili iliyopita aliuliza tena. Nikamsalimia, nikamwambia tena tangu mwanzo, hadi kwenye zile soseji, nikasubiri acheke.